Mechi ya Babu Iliisha Ngapi Ngapi?

Nilimjua Mule Suttles kabla sijajua kwamba babu yangu aliwahi kuchezea kombaini ya Taita. Hilo ndilo linaloniudhi, na ndilo lililonikalisha chini leo.

Wacha nieleze. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa, na tangu hapo nakula kwa kuandika vitu vya watu. Mteja yuko ng'ambo, mimi niko Mraru, na katikati yetu kuna intaneti inayopotea kila upepo ukivuma kutoka Mbololo. Yeye anatuma mada, mimi naandika, na jina linalotokea juu ya makala si langu. Nimeandika kuhusu chakula cha paka. Nimeandika kuhusu bima ya meno. Siku moja mada ikaja: maneno 1200 kuhusu mechi za nyota wote za besiboli ya Marekani, miaka ya 1930.

Sijawahi kushika gongo la besiboli maishani. Lakini nilielewa haraka mechi ya nyota wote ni nini, kwa sababu hata sisi tulikuwa nayo. Unachukua wachezaji bora kutoka timu zote za upande mmoja, unawavalisha jezi moja kwa siku moja, unawapambanisha na wachezaji bora wa upande mwingine. Wazee wetu waliita kombaini.

Usiku ule nilishangaa ni kiasi gani mtu wa Mraru anaweza kujua kuhusu alasiri moja ya Chicago. Tarehe 6 Julai 1933, uwanja wa Comiskey Park, mechi ya kwanza ya nyota wote wa ligi kuu. American League ilishinda 4-2, na Babe Ruth akapiga mpira ukaishia kwa mashabiki. Wachezaji wote walikuwa weupe, kwa sababu mtu mweusi hakuruhusiwa kucheza ligi hizo, hata awe na kipaji gani. Basi weusi wakafanya yao. Tarehe 10 Septemba mwaka huohuo, kwenye uwanja uleule, nyota wa Magharibi wa ligi za weusi walicheza na nyota wa Mashariki. Magharibi ilishinda 11-7. Willie Foster alirusha mipira mchezo mzima bila kupokezwa. Mule Suttles ndiye aliyeutoa mpira nje. Mwaka uliofuata Mashariki ilishinda 1-0, na pointi hiyo moja aliifunga Cool Papa Bell, huku Satchel Paige akiwa ndiye anayewarushia Magharibi mipira wasiyoweza kuigusa.

Nilikuwa hapo na kikombe cha chai iliyopoa, naandika, babu akatoka chumbani.

"Unaandika nini usiku wote huu?"

"Mpira, babu. Wa Amerika."

"Wa lini?"

"Wa mwaka thelathini na tatu."

Akacheka. "Si hao wote wamekufa?"

"Wote."

"Na bado kuna mtu analipa waandikwe." Akakaa kwenye kiti chake, akanyoosha goti linalomsumbua. "Mimi pia nilicheza kombaini, mjukuu wangu. Namba saba. Tulicheza na watu wa Mombasa. Tuliwafunga tatu kwa mbili, na la tatu nililifunga mimi."

Nina miaka ishirini na kitu. Nimeishi na huyu mzee karibu maisha yangu yote. Sikuwa nimewahi kusikia habari hiyo.

Kesho yake nikaanza kuitafuta hiyo mechi, kwa mbinu zilezile ninazolipwa kutafutia vitu vya watu. Sikupata hata mstari. Nikateremka Voi mjini kwa mzee mmoja rafiki ya babu, mstaafu wa reli, ambaye babu alisema walikuwa pamoja uwanjani siku hiyo. Mzee wa reli akanikaribisha vizuri, akaniagizia soda, kisha akaniharibia kila kitu. Mechi ilikuwepo, ndio. Lakini iliisha mbili mbili. Bao la kusawazisha lilifungwa na kijana wa Mwatate. Babu yako alicheza, na alicheza vizuri, lakini la tatu? Hakukuwa na la tatu.

Babu anasema ilikuwa 1964. Mzee wa reli anasema 1966. Nikauliza kuhusu picha. Wote wawili walikubaliana kwamba picha ya timu ilikuwepo, ilitundikwa kwenye ofisi fulani miaka mingi, mpaka siku ofisi ilipopakwa rangi na picha zote zikatolewa nje. Mvua ilinyesha wiki hiyo.

Sasa nielewe vizuri. Sitaki kumwita babu yangu mwongo, na sitaki kumwita mzee wa reli mwongo. Tatizo ni kwamba sina cha kumtetea babu nacho. Willie Foster alikufa 1978 na bado ana watetezi: ukibisha kwamba alirusha mchezo mzima siku ile, mtu atakuonyesha jedwali. Babu yangu yuko hai, anakunywa uji asubuhi, na hana shahidi hata mmoja isipokuwa anayempinga.

Kuna watu watasema: aa, ni umaskini. Wamarekani wana pesa, sisi hatuna. Nataka kuupinga usemi huo kwa nguvu zangu zote, kwa sababu mechi ya Chicago ninayoizungumzia haikuandikwa na Wamarekani wenye pesa. Magazeti makubwa ya wazungu hayakuwajali sana wachezaji weusi. Waliowaandika ni weusi wenyewe, kwenye magazeti yao: Chicago Defender, lililoanzishwa na Robert Abbott mwaka 1905, na Pittsburgh Courier. Magazeti hayo ndiyo yaliyochapisha karatasi za kura, mashabiki wakachagua wenyewe nani avae jezi ya Mashariki na nani ya Magharibi. Na Defender lilifikaje kwa weusi wa Kusini, ambako kulikuwa na watu wasiotaka kabisa lisomwe? Wahudumu weusi wa treni walilibeba. Watu wa reli! Mji kama Voi, uliolelewa na reli, unapaswa kuielewa hadithi hiyo bila mkalimani.

Na baada ya mechi, gazeti lilichapisha jedwali. Katika besiboli kila mtu anaandikwa kwa mstari wake: jina, nafasi, alisimama kupiga mara ngapi, alipiga ngapi, alikosea ngapi. Mtu ambaye hakuwepo anaweza kusoma jedwali hilo miaka tisini baadaye na kuiona mechi ikicheza mbele yake. Mimi niliisoma hapa Mraru. Mwaka 1943 watu 51,723 waliingia Comiskey Park kuwatazama nyota weusi, wengi kuliko walioingia kwenye mechi ya nyota wazungu mwaka huohuo. Tunaijua idadi hiyo mpaka mtu wa mwisho kwa sababu kuna mtu aliihesabu na mwingine akaiandika.

Halafu tazama karatasi hizo zilifanya nini. Josh Gibson, mpigaji mkubwa kuliko wote wa ligi za weusi, alifariki Januari 1947. Miezi mitatu baadaye Jackie Robinson akawa mweusi wa kwanza wa zama hizo kucheza ligi kuu. Gibson hakuionja haki hiyo. Lakini majedwali yalibaki. Watafiti, wengine wakifanya kwa mapenzi yao tu, walitumia miaka na miaka kuyafukua kwenye magazeti ya zamani na kuyajumlisha. Desemba 2020 ligi kuu ya Marekani ikatangaza kwamba ligi za weusi za 1920 hadi 1948 nazo zilikuwa ligi kuu. Mei 2024 takwimu zikaunganishwa, na Josh Gibson, wastani wake 0.372, akampita Ty Cobb mwenye 0.367 na kuwa wa kwanza katika historia yote ya mchezo huo. Alikuwa kaburini miaka 77.

Karatasi haikumrudishia Gibson uhai. Lakini walioonewa waliposhinda kesi yao, walishinda kwa ushahidi, na ushahidi waliuweka wenyewe wakati hakuna aliyewaahidi kwamba kesi itasikilizwa.

Sasa rudi kwetu. Kombaini si jambo dogo katika historia ya mpira wa Afrika Mashariki. Ndiyo mlango tulioingilia. Kombe la Gossage lilianza 1926, Kenya na Uganda. Tanganyika ikajiunga miaka ya 1940, kisha Zanzibar. Timu hizo zilikuwa ni kombaini za nchi nzima, na kwa miaka arobaini hilo ndilo lililokuwa kombe kubwa la eneo letu, mpaka likabadilishwa jina baada ya 1966. Ndani ya Kenya, kabla ligi ya taifa haijaanza 1963, mpira mkubwa ulikuwa wa kombaini za mikoa, na kombaini ya Pwani ilikuwa inaogopwa. Hata bingwa wa kwanza kabisa wa ligi hiyo ya 1963 aliitwa Nakuru All-Stars, nyota wote wa Nakuru. Mwaka 1965 kombe likaja Pwani, Feisal wa Mombasa.

Haya. Nenda leo kwenye steji ya boda pale Voi, uliza vijana wakutajie kikosi cha Arsenal kilichomaliza ligi bila kufungwa 2004. Watakutajia kuanzia kipa, na watagombana kuhusu wa akiba. Kisha waulize wakutajie wachezaji watatu wa Feisal ya 1965. Sio kumi na mmoja. Watatu.

Na sio kosa la vijana. Walipewa nini wakumbuke? Joe Kadenge, ambaye wengi watakwambia ndiye mchezaji mkubwa kuliko wote tuliowahi kuzaa, aliyefariki 2019, kwa Mkenya wa umri wangu amebaki maneno matatu kutoka mdomoni mwa mtangazaji Leonard Mambo Mbotela: Kadenge na mpira. Tunayasema tukitaniana. Mtoto akikimbia na chapati, Kadenge na mpira. Huyo ndiye mwenye bahati, ana maneno matatu. Namba saba wa kombaini ya Taita hana hata moja.

Lakini unajua jina lililohifadhiwa vizuri? Gossage. Gossage ilikuwa kampuni ya sabuni ya Uingereza. Miaka arobaini vijana wetu walivunjika miguu, na jina lililobaki mdomoni mwa historia ni la sabuni. Usicheke, kwa sababu leo tunafanya vilevile. Angalia bango la mashindano yoyote kijijini msimu wa kampeni ukikaribia: picha kubwa ni ya mheshimiwa, kombe lina jina la mheshimiwa, jezi zina uso wa mheshimiwa mgongoni. Atakuja dakika ya sabini, atapiga mpira mmoja na viatu vya ofisini, atapigwa picha, ataondoka. Jina lake litaandikwa. Aliyefunga bao la fainali ataitwa "yule kijana mrefu". Tumetoka kwenye sabuni tukaingia kwenye siasa, na angalau sabuni ilikuwa inaosha.

Wengine wataniambia: wewe kijana, acha mambo ya wazungu. Sisi ni watu wa masimulizi, hatukuwa watu wa majedwali. Hoja hii huwa inatolewa na watu waliosoma, na inanichosha. Masimulizi hayakuwa porojo. Yalikuwa na mwenyewe, na wakati wake, na mtu wa kukurekebisha ukikosea. Na sisi Wadawida hasa, nani anatuambia kuhifadhi si desturi yetu? Wazee wetu waliwahifadhi wafu wao kwa mafuvu, mapangoni, kila ukoo na pango lake, kichwa kando ya kichwa. Mtu aliweza kwenda mbele ya jiwe akajua huyu ni nani na yeye anatoka wapi. Watu waliofanya hivyo ndio leo wanaambiwa kuandika majina kumi na moja kwenye daftari ni ugeni?

Wengine watasema kuna mambo ya maana zaidi. Maji hayajafika. Ndovu wa Tsavo wamemaliza mahindi. Vijana hawana kazi, wewe mwenyewe ukiwa mmoja wao. Ni kweli yote. Lakini daftari ni shilingi hamsini, na ndovu hajawahi kumzuia mtu kuandika. Tena nikikumbuka historia ya hapahapa Mraru, naona wanaotafuta maji na wanaotunza kumbukumbu mara nyingi ni walewale. Wanawake wa Mraru miaka ya 1970 walichoka kuachwa barabarani na mabasi yaliyofika yamejaa, wakaanza kuchanga kidogo kidogo, na mwaka 1975 wakanunua basi lao wenyewe la kwenda Voi. Huwezi kuchanga miaka bila daftari. Kuna mama alikuwa anaandika: fulani ametoa, fulani bado.

Na hapo pia kuna kitu kinachonichoma. Hadithi ya basi hilo ilijulikana duniani kwa sababu mwaka 1980 shirika la New York lilichapisha kijitabu kuihusu. Nawashukuru, kwa kweli nawashukuru. Lakini kwa nini mpaka New York? Kwa nini mtoto wa Mraru asome habari ya nyanya zake kwa Kiingereza, kutoka kwa mgeni, na asome habari ya Mule Suttles kutoka kwa mgeni mwingine, halafu ya babu yake asiipate popote? Mgeni hana deni nasi. Siku alipokuja alikuta basi, akaandika basi. Angekuja Jumapili, pengine angeandika mpira.

Kuna hoja ya tatu, ya vijana wenzangu: siku hizi kuna simu, kila kitu kinarekodiwa. Nendeni mkaangalie hizo video. Mwaka jana nilitazama video ya bao tamu sana lililofungwa kwenye uwanja wetu wa vumbi, kijana anawapita watu wanne. Imetazamwa na maelfu. Chini yake kuna vicheko na alama za moto. Nilitafuta jina la mfungaji kwenye maoni yote. Hakuna. Tarehe ya mechi hakuna. Timu pinzani hakuna. Simu hiyo ikianguka chooni, au akaunti ikifungwa, bao limekwenda. Na hata lisipokwenda, ni bao la nani? Tumepata mashine ya kuhifadhi kila kitu isipokuwa jina.

Kwa hiyo nawalaumu nani? Nawalaumu wenye ofisi waliotupa picha kwenye mvua, ndio. Nawalaumu viongozi wa mpira wanaojua bajeti ya posho kwa moyo na hawajui kikosi chao cha msimu uliopita. Lakini lawama kubwa naileta kwetu sisi tunaojiita waandishi. Tuko wengi kwenye vijiji hivi, tuna laptopu za mtumba, tuna lugha mbili tatu, na tumekodishwa. Tunajua kutafuta. Tunajua kuhakikisha tarehe. Ufundi wote huo tunauelekeza kwenye paka wa watu na mashujaa wa watu, kwa sababu huko ndiko dola ziko. Siwakatazi, mimi mwenyewe ile makala ya Chicago niliimaliza na nililipwa, na unga ulinunuliwa. Nasema tu kwamba mtu anayeweza kutumia usiku mzima kumtetea Willie Foster hana kisingizio cha kutompa babu yake saa moja.

Tangu mwezi wa pili nimekuwa nikienda uwanjani kila Jumapili na daftari. Tarehe, uwanja, majina kamili ya wachezaji wa pande zote mbili, nani amefunga na dakika gani, nani ametolewa, refa ni nani. Wiki ya kwanza walinicheka, wakaniuliza kama nimetumwa na chifu. Wiki ya pili kipa mmoja alikuja kuuliza kama nimeandika ile penalti aliyookoa. Wiki ya tatu kulikuwa na ugomvi mkubwa, kwa sababu bao moja niliwapa wapinzani kama la kujifunga, na mfungaji akaapa kwamba mpira ulikuwa unaingia tu hata bila yule beki. Alinifuata mpaka nyumbani usiku, na boda, kuleta mashahidi wawili. Babu alisikiliza kesi yote kutoka kitini, kisha akasema, "Mpe bao lake."

Nilimpa.

Ukurasa wa kwanza wa daftari hilo ni wa mechi ya babu. Kombaini ya Taita na watu wa Mombasa, 1964 au 1966. Nimeandika aliyosema babu upande mmoja na aliyosema mzee wa reli upande wa pili, bila kuchagua. Majina niliyopata ni saba tu kati ya kumi na moja, na wiki baada ya wiki babu anazidi kuchanganya. Siku nyingine lile la tatu analifunga kwa kichwa. Siku nyingine ni mguu wa kushoto.

Wewe unayesoma, kama una mzee aliyecheza, Feisal au kombaini yoyote, au timu ya mkonge, au ya reli, nenda na kalamu wiki hii. Usiende na simu peke yake. Muulize majina ya wenzake kabla hujamuuliza mabao. Na kama nyumbani kwenu kuna picha ya timu iliyopigwa Voi au Wundanyi au Mombasa miaka ile ya sitini, igeuze uangalie nyuma kama kuna maandishi, kisha uniandikie kupitia gazeti hili. Bado natafuta majina manne, na babu anataka mzee wa reli aambiwe kuhusu lile la tatu.